Kabaila Wangu wa Saa Kumi na Moja

Yule bwana sikumpenda tangu siku ya kwanza. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nilivuka bahari kwa mapenzi ya lodi wa Kiingereza. Nilikwenda Marekani kusoma historia, miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili, nikaangukia mikononi mwake: mzee aliyekufa zamani, mwenye ndevu za mashavuni, mwenye majumba na misitu, aliyekuwa waziri kila chama chake kiliposhika serikali, enzi za yule malkia mfupi aliyewatawala Waingereza mpaka wakasahau kwamba naye iko siku atakufa. Shuleni kwetu Tanga tulifundishwa kuwazomea mabepari na makabaila kabla hatujajua kuandika vizuri. Leo nimelipiwa masomo Minneapolis ili nimsome kabaila mmoja mpaka nijue chai yake anatia sukari au hatii. Alikuwa hatii.

"Siasa zake ziache," aliniambia mwalimu wangu, mama wa Kimarekani mwenye mvi, mwaka mzima yuko na viatu vya matopeni. "Siasa zimeandikwa mpaka zimekwisha. Andika nyumba yake. Andika mke na watoto."

Basi nikaandika mke na watoto wa mtu, mimi ambaye mtoto wangu nilimwacha Tanga.

Nilimwacha kwa mama yangu, ndio kwanza anashika ukuta kutembea. Baba yake alikwishaoa kwingine, na hilo halina habari ndefu. Ilikuwa niende mwaka mmoja, nipate pa kukaa, kisha nimchukue. Lakini viza ya mtoto ikawa ya kesho na keshokutwa, na nauli kila nikiikaribia inanikimbia, mwaka ukavuta mwaka mwenzake. Baridi sikuiogopa, masomo sikuyaogopa. Niliogopa jambo moja tu, kwamba mwanangu atakua bila kunijua.

Kwa hiyo kila Jumapili saa mbili asubuhi, theluji iwepo isiwepo, nilikuwa nimekaa kitandani na blanketi mabegani, nakwangua kwa ukucha kadi ya simu niliyoinunua duka la Wasomali chini ya ghorofa letu. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusema Kiswahili. Siku nyingine nilisema na dereva wa basi, asante na asubuhi njema, halafu nateremka maktaba, chini kabisa ya ardhi, ambako hujui kama nje kuna jua au kimbunga, nakaa na kabaila wangu mpaka jioni. Nilikuwa na shoga mmoja, Mtanzania mwenzangu, alikuja mwanafunzi kama mimi akaishia kuwa mhasibu, akanunua nyumba Eden Prairie, pembeni mwa mji. Kule bila gari wewe si mtu, mabasi ya Jumapili hayafiki, kwa hiyo nilimwona pale tu alipopata nafasi ya kuja kunichukua. Wanawe niliwasalimu kwa Kiswahili, wakaelewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza. Niliwatazama nikamfikiria wangu.

"Shoga, utachanganyikiwa na huyo lodi wako," aliniambia siku moja tunakata vitunguu. "Kila nikikuuliza habari zako, unaniambia habari zake."

"Sina habari zangu," nikamjibu. Hakucheka, nami sikuwa nimetania.

Na kweli nilianza kusema naye, yule mzee. Nikifungua kitabu cha kumbukumbu zake za kila siku namwambia, haya bwana, leo umelala wapi? Alilala London. Sikuzote alilala London. Nyumba yake ilikuwa kaskazini, imejaa watoto, mke na yaya na mabinti wa kupiga deki. Yeye yuko Bungeni, anasimama kuhutubia juu ya ushuru wa nafaka, na nyumbani kila mwaka kunazaliwa mwingine. Mwanawe mmoja alipoumwa koo mpaka ikasemekana hafiki asubuhi, baba aliandika kwanza hali ya hewa, kisha kura zilivyokwenda, kisha habari ya mtoto, nayo mstari mmoja. Nilikasirika nikakifunga kitabu kwa kishindo. Kijana wa meza ya pili akanitazama. "Mtazame huyo!" nilimwambia kwa Kiswahili, masikini, na hakuelewa hata neno.

Mtoto alipona. Lakini mimi sikumsamehe baba yake.

Sasa, simu za Jumapili zilikuwa hivi. Inaita Tanga, mama yangu anapokea, anauliza kama nakula, namwambia nakula, halafu nasikia anasema pembeni, "Haya, mamako huyo." Halafu kisauti: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umefanya nini leo?"

Ananieleza. Ameamka, amepiga mswaki, amekwenda chuoni, amesoma sura, amekula wali. Mambo yamepangwa vizuri, hayapandiani. Kisha, sikuzote mwishoni, swali lile moja: "Mama, utakuja lini?"

"Karibuni, mwanangu. Nikimaliza kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Cha mzee mmoja wa Kizungu."

"Ana watoto?"

"Anao, tena wengi."

"Wanakaa naye?"

Ee, mtoto huyu! Ikabidi nimhadithie. Nikamsimulia habari za wale watoto wa kabaila, farasi wao mfupi, yaya wao mkali, ngazi zao ndefu zenye zulia jekundu. Akazipenda. Tukawa na kitu cha kuzungumza zaidi ya mswaki na wali, nami nikaanza kusoma kwa kutafuta vya kumpa Jumapili.

Jumapili moja simu ilipopokewa nikasikia kilio cha nguvu. Nikaruka kitandani. "Mama, kuna nini huko? Kaanguka?"

"Hajaanguka," mama akasema, naye ana hasira. "Kajimwagia ukwaju kwenye gauni la simu."

"Gauni la nini?"

"La simu. Lile la Idi. Sasa nimvishe nini na wewe umekwishapiga?"

Hapo ndipo nilipojua. Kumbe kila Jumapili, miaka yote ile, mama yangu alimwogesha mjukuu wake, akampaka mafuta, akamsuka, akamvisha gauni lenye mkanda wa nyuma, akampa leso mkononi na kumkalisha kiti cha sebuleni karibu na simu, miguu haifiki chini, asiguse kitu, angoje. Nilicheka mpaka machozi. "Mama, jamani! Mimi simwoni! Mwache aje na nguo za kuchezea."

"Hukunilea wewe, nimekulea mimi," akanijibu. "Mtoto anasema na mamake Marekani aje na ndala na matope? Watu wanapita dirishani hapo. Wewe soma, mengine niachie."

Nilimhadithia shoga yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Gauni la simu! Wiki nzima nikikumbuka nacheka peke yangu ndani ya basi. Halafu Ijumaa nikafika kwenye sura ya saa ya watoto.

Ilikuwa desturi ya nyumba zile. Kutwa watoto wanakaa juu na yaya. Jioni, chai ikishanywewa, yaya anawaogesha, anawachana nywele, wa kike anawafunga mikanda ya hariri, anawateremsha mmoja nyuma ya mwenzake mpaka sebule kubwa, walipo baba na mama. Wanasalimu. Wanaulizwa wamejifunza nini, wanajibu. Ikitimia saa wanaomba ruhusa na kupanda tena. Mtoto wa pili wa kike wa kabaila wangu aliandika alipozeeka kwamba alimjua baba yake kwa viatu kuliko kwa uso, maana alifundishwa kuinamisha macho. Na saa yenyewe ilikuwa saa kumi na moja.

Nikapiga hesabu kwa vidole pale pale. Saa mbili asubuhi ya Minneapolis, majira ya baridi, Tanga ni saa kumi na moja jioni. Kiangazi Wamarekani wanasogeza saa zao, nami nilikuwa napiga saa tatu ili nisimharibie mama ratiba yake. Kwa hiyo ilikuwa daima saa kumi na moja. Roho ilinipaa. Nilikusanya vitabu, nikatoka nje bila kofia, nikasimama kwenye daraja linalounganisha pande mbili za chuo, mto chini umeganda kingo zote mbili, nikalia waziwazi mbele ya watu. Hakuna aliyeniuliza. Kule mtu akilia barabarani humwangalii, ndiyo heshima yao.

Baada ya hapo niliendelea kumsoma, lakini kumtukana nilipunguza.

Kisa kilichompendeza mwalimu wangu kuliko vyote ni cha mwaka ambao chama cha kabaila kilishindwa uchaguzi. Uwaziri ukamtoka, akarudi kaskazini kukaa moja kwa moja. Sasa yuko nyumbani kutwa. Anakutana na wanawe ngazini, bustanini, mlangoni mwa zizi la farasi. Na wao wanampisha, wanainama kidogo, wanapita zao, kama unavyompisha mgeni wa hotelini. Ikifika saa kumi na moja wanaoga, wanavaa, wanashuka sebuleni kumngojea baba yao. Yule binti aliandika kwamba siku za kwanza baba alikuwa amekwisha kaa pale kitini, na watoto wakasimama mlangoni hawajui la kufanya, maana baba waliyemzoea alikuwa mtu wa kuwasili. Basi yule mzee, aliyekuwa akibishana na mabalozi, akawa kila jioni anatoka kwa mlango wa nyuma, anavaa koti lake la safari na kofia, anazunguka nyumba kwenye ukungu, na kuingia kwa mlango wa mbele kana kwamba ameteremka kwenye garimoshi sasa hivi. Watoto wakamsalimu, raha mustarehe.

Kisa hicho nilikiandika kwa kejeli. Mzee mzima, nikasema, anaigiza safari uani kwake. Mwalimu akacheka, akanisifu. Jumapili nikamhadithia binti yangu, naye hakucheka hata kidogo. Akauliza tu, "Akaingia?"

"Akaingia."

"Vizuri," akasema. Akauliza nitakuja lini.

Mwishowe viza ilitoka. Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga anakuja kwa wanawe Woodbury, jirani na mji wetu, akakubali kumleta. Shoga yangu alinipeleka kiwanja cha ndege na gari lake. Nilikuwa nimelijaribu tukio lile kichwani mara nyingi sana. Atakimbia. Nitapiga magoti. Ataninusa shingo.

Walitokea mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la simu, juu yake sweta jipya linalomzidi mikono. Nilipiga magoti kweli. Alisimama mbele yangu na leso mkononi, akasema, "Shikamoo," akatazama viatu vyangu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamkumbatia. Alijiachia kukumbatiwa, hakunikumbatia.

Kachoka, nilijiambia, safari ndefu ile. Lakini siku zikapita. Alikuwa na adabu iliyoniumiza. Anaamkia akiamka, anaamkia nikirudi kutoka jikoni. Anaomba ruhusa kwenda msalani. Anakula alichopewa, anasema ahsante, anakunja blanketi lake asubuhi kama mtu atakayeondoka leo. Na hakuniita kwa jina lolote. Akinihitaji alikuja akasimama karibu, akangoja nimwone. Nilimfungulia kabati lenye nguo nilizokuwa nikimnunulia kidogo kidogo, nyingine zimeshakuwa ndogo, akazigusa kwa kidole akauliza ni za nani. Iliniuma. Wallahi iliniuma kuliko miaka yote ya simu, maana wakati ule nilikuwa na maili za kulaumu, na sasa kati yetu palikuwa na meza tu.

Nikampigia shoga yangu. "Mpe muda," akasema. "Wangu wamezaliwa hapa na hawanijui vilevile." Akacheka peke yake.

Jumapili asubuhi tulimpigia bibi yake. Loo, alivyosema! Kwa bibi hakupanga habari, zilimwagika tu: ndege, chakula cha ndege, theluji, mtoto wa jirani mwenye mbwa ndani ya nyumba. Niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni ya siku ile ile nilikuwa jikoni nasonga ugali. Giza lilikwisha ingia, maana Novemba jua la kule linaondoka mapema kama karani wa serikali. Nikaona kimya kimezidi. Nikachungulia sebuleni na mwiko mkononi.

Amevaa gauni la simu. Amejivalisha mwenyewe, vifungo vimepishana, mkanda unaning'inia. Amejipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Amevuta kiti mpaka kwenye kimeza chenye simu ya nyumbani, amekaa, miguu haifiki chini, leso imekunjwa mkononi. Anaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia kumi na moja.

"Umependeza hivyo, unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Siendi popote."

"Sasa je?"

"Nangoja simu."

"Bibi amelala, mwanangu. Kwao saa hizi usiku. Si tumesema naye asubuhi?"

"Si ya bibi." Akashusha sauti, kwa adabu, kama anayemweleza mgeni jambo la nyumbani ambalo hana budi kulijua. "Ya mama. Jumapili mama anapiga."

Nilisimama pale. Kwanza zilinipanda hasira, kweli kabisa. Nilitaka nimshike mabega nimwambie, mama ni nani kama si mimi? Nitazame! Na yeye hana hili wala lile, macho kwenye saa, na usoni mwake palikuwa na furaha ambayo tangu aje sijaiona. Anamngoja mamake. Miaka yote alikuwa ananingoja hivi hivi, na mimi ndio kwanza naona.

Nikazima jiko. Nikavaa koti langu kubwa, nikavaa na kofia, wala sijui kofia ya nini. "Natoka kidogo nje hapo," nikamwambia. "Sichelewi."

"Haya," akasema, bila kugeuka.

Nikarudisha mlango nyuma yangu. Kwenye ujia wa ghorofa alikuwa anapita jirani na kapu la nguo za kufua, akanitazama nilivyojifunga kama nakwenda ncha ya dunia, akanipisha. Nikatoa simu yangu ya mkononi, nikapiga nyumbani kwangu. Nikaisikia inalia ndani. Iliita mara moja tu.

"Haloo? Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." "Hujambo?"

"Sijambo! Mama, nimefika Marekani."

"Umefika? Hongera. Unakaa na nani?"

Akafikiri. "Kuna mama mmoja," akasema. "Ananipikia. Ana nguo nyingi za watoto."

"Yukoje?"

"Mzuri. Lakini hacheki. Wewe ukipiga unacheka."

Niliegemea ukuta. Ilikuwa kweli. Tangu aje nilikuwa namtazama tu, nangoja anijue, uso nimeukaza.

"Labda anakuogopa," nikamwambia.

"Mimi?" Akacheka, kile kicheko nilichokinunua kwa kadi miaka yote. Nami nikacheka, machozi yananitoka, na jirani huko mwisho wa ujia amesimama na kapu lake.

Nikajua linalofuata.

"Mama, utakuja lini?"

"Nakuja sasa hivi, mwanangu," nikasema. "Usikate simu."

Nikaufuta uso kwa kofia, nikagonga mlango wangu mwenyewe. "Hodi," nikasema.

Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Karibu," akasema, sikioni mwangu na nyuma ya mlango.